Makosa ya Rafiki za Ayubu: Namna ya Kupima Hoja za Imani

Kitabu cha Ayubu tumezoea kukiita kitabu cha mateso na uvumilivu. Ni kweli, lakini tukihesabu sura zake tunaona jambo jingine. Kina sura 42. Habari ya mali kupotea, watoto kufa na mwili kujaa majipu inakwisha katika sura mbili za kwanza. Habari ya Ayubu kurudishiwa imo katika sura ya mwisho. Sehemu kubwa iliyobaki katikati ni mabishano. Watu wenye elimu ya dini wamekaa mbele ya mtu anayeumia, nao wanajenga hoja juu ya Mungu. Kisha mwishoni Mungu mwenyewe anazihukumu hoja hizo. Katika 42:7 anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na wenzake wawili, kwa kuwa hawakusema kweli juu yake.

Hukumu hiyo yapaswa kutushtua. Tukiyachukua maneno ya rafiki hao moja moja, mengi yanafanana na mahubiri mema tunayoyasikia Jumapili: kwamba Mungu ni mwenye haki, kwamba apandaye uovu huvuna uovu, kwamba heri mtu anayerudiwa na Mungu. Tena mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 3:19, anatumia maneno ya Elifazi yaliyo katika Ayubu 5:13, na anayatumia kama Maandiko. Basi, ikiwa maneno yao mengi ni mema, kosa lao liko wapi?

Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba kosa lao kubwa liko katika hatua waliyopiga kutoka kwenye maneno hayo hadi kwenye hitimisho lao. Walikuwa na hoja ya uwezekano, wakaitumia kana kwamba ni hoja ya lazima. Na gharama ya kosa hilo aliilipa mgonjwa.

Aina mbili za hoja

Wanaosoma mantiki hugawa hoja katika aina mbili. Ya kwanza huitwa hoja dedaktivu. Hapa msemaji anadai kwamba misingi yake ikiwa kweli, hitimisho lake haliwezi kuwa uongo. Kwa mfano: wana wote wa Yakobo walikuwa wajukuu wa Isaka; Yusufu alikuwa mwana wa Yakobo; basi Yusufu alikuwa mjukuu wa Isaka. Ukikubali misingi hiyo miwili huna pa kukwepea. Kwa sababu hiyo nitaiita hoja ya lazima.

Ya pili huitwa hoja indaktivu. Hapa msemaji hadai ulazima. Anasema kwamba, kwa jinsi mambo yalivyoonekana, hitimisho lake linaelekea kuwa kweli. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mama anayeona wingu jeusi limetanda akaenda kuanua nguo kwenye kamba amefanya busara, ingawa wingu hilo laweza kupita bila kudondosha tone. Likipita, hatusemi mama yule ni mjinga. Hoja yake haikuahidi kwamba mvua itanyesha kwa vyovyote. Ilisema tu kwamba inaelekea kunyesha. Hii nitaiita hoja ya uwezekano.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba tofauti ya hoja hizi ni mwelekeo: ya kwanza hutoka kwenye jumla kwenda kwenye kitu kimoja, ya pili hutoka kwenye kimoja kimoja kwenda kwenye jumla. Maelezo hayo yanasaidia mwanzoni lakini hayatoshi. Tazama hoja hii: Injili ya Mathayo inasimulia kusulubiwa kwa Yesu, na ya Marko, na ya Luka, na ya Yohana, Agano Jipya lina Injili hizo nne tu, basi kila Injili ya Agano Jipya inasimulia kusulubiwa. Tumetoka kwenye moja moja kwenda kwenye jumla, na bado ni hoja ya lazima, maana hakuna Injili iliyobaki nje ya hesabu. Kinachotofautisha aina hizi mbili ni nguvu ya kamba inayofunga misingi na hitimisho. Je, msemaji anadai kwamba haiwezi kukatika, au anadai tu kwamba ni imara?

Kwa hiyo hata maswali ya kupimia ni tofauti. Hoja ya lazima tunaiuliza: je, hitimisho linafuata, ndiyo au hapana? Na je, misingi yake ni ya kweli? Hoja ya uwezekano tunaiuliza: mifano ni mingi kiasi gani? Imetoka pande mbalimbali au upande mmoja? Je, ipo mifano ya kinyume, na kuna aliyekwenda kuitafuta? Tukiwa na maswali haya mkononi, twende tukawasikilize rafiki za Ayubu.

Elifazi, kutoka “nimeona” hadi “ni lazima”

Kwanza tuwape haki yao. Katika 2:11-13 watatu hawa wanatoka mbali, kila mtu kwao, wanalia, wanararua mavazi yao, wanaketi chini pamoja na Ayubu siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Hatuwezi kusema walikuja kwa ubaya. Ubaya ulianza walipoanza kueleza sababu.

Elifazi anaanza kwa upole. Katika 4:7-8 anamwomba Ayubu akumbuke: ni nani asiye na kosa aliyewahi kuangamia? Kisha anataja ushahidi wake, nao ni macho yake mwenyewe: ameona kwamba wanaolima uovu huvuna uovu. Hii ni hoja ya uwezekano, na si hoja ya kudharau. Mzee ameishi, ameona mlevi akimaliza mali yake, ameona mwongo akikosa wa kumwamini. Mithali imejaa maangalizo ya namna hii, na sisi hatungeweza kulea watoto bila hayo.

Lakini hata hapa angeweza kujizuia. Swali lake la nani asiye na kosa aliyewahi kuangamia lina jibu, tena jibu liko karibu sana na mwanzo wa Biblia: Habili. Aliuawa na ndugu yake kondeni, naye ndiye aliyekuwa mwenye haki. Mfano mmoja wa namna hiyo hauibatilishi busara ya kwamba uovu una mavuno yake. Unabatilisha neno moja tu, neno “kila”.

Neno hilo ndilo Elifazi hakutaka kuliacha. Fuata hotuba zake tatu utaona linavyokua. Katika sura ya 4 ni jambo aliloliona. Katika sura ya 15 bado anasema atatangaza aliyoyaona, lakini sasa mwovu anateseka siku zake zote, bila kubakizwa hata mmoja aliyepona. Katika sura ya 22 hasemi tena kwamba ameona. Anamhesabia Ayubu dhambi moja moja: amewavua maskini nguo, amewanyima maji waliochoka, amewanyima wenye njaa chakula, amewafukuza wajane mikono mitupu. Nani alimwambia? Hakuna shahidi anayetajwa. Msomaji anajua tangu 1:1 na 1:8 kwamba Ayubu ni mkamilifu, na Ayubu mwenyewe katika sura ya 29 na ya 31 anaeleza jinsi alivyowatunza wajane na yatima. Elifazi hakuziona dhambi hizo. Amezikokotoa. Kanuni yake ilidai ziwepo, naye akazileta.

Tuipange hoja yake kwa ufupi: atendaye dhambi huteseka, Ayubu anateseka, basi Ayubu ametenda dhambi. Inasikika kama hoja ya lazima, kumbe sivyo. Ni sawa na kusema: mvua ikinyesha uwanja hulowa, uwanja umelowa, basi mvua imenyesha. Huenda mtu amemwaga ndoo, au bomba limepasuka. Hata tukikubali kwamba kila mwenye dhambi huteseka, haifuati kwamba kila anayeteseka ana dhambi iliyomletea mateso hayo. Njia ya kwenda si lazima iwe njia ya kurudi.

Bildadi na Sofari

Bildadi anategemea wazee. Katika 8:8 anamtaka Ayubu aulize vizazi vilivyotangulia, kwa kuwa sisi ni wa jana tu. Kwa upande mmoja amepanua ushahidi, maana macho ya vizazi vingi huona zaidi ya macho ya mtu mmoja, nasi tuliolelewa kuheshimu wazee tunamwelewa. Halafu anatoa mfano wa mimea ya majini: ikikosa maji hunyauka, na ndivyo alivyo anayemsahau Mungu. Mfano ni mzuri, ila una upande mmoja. Mkulima yeyote anajua kwamba mahindi yakikosa maji hunyauka, lakini si kila shina lililonyauka limekosa maji. Huenda limeliwa na wadudu. Kwa mfano huo wa upande mmoja Bildadi anasimama mbele ya baba aliyefiwa na watoto kumi, na katika 8:4 anamwambia kwamba watoto walimkosea Mungu, ndiyo maana wakatolewa.

Sofari anakwenda mbali zaidi. Katika 11:6 anamwambia Ayubu kwamba Mungu anamdai kidogo kuliko uovu wake unavyostahili. Sasa hata usafi wa Ayubu hauwezi tena kumtetea. Akionekana hana kosa, basi lipo la siri. Hoja inapofika hapo imeacha kuwa hoja ya uwezekano, kwa sababu hakuna jambo lolote duniani linaloweza kuipinga. Aliyejifunza kutokana na mambo aliyoyaona hukubali pia kusahihishwa na mambo atakayoyaona. Sofari hakubali.

Jibu la Ayubu

Ayubu ni mgonjwa, lakini ndiye anayepima hoja vizuri kuliko wote. Katika 13:4 anawaita matabibu wasiofaa kitu, na katika 13:7 anawauliza swali ambalo kila mhubiri na kila mwalimu wa Biblia angelibandika ukutani kwake: je, mtasema uongo kwa ajili ya Mungu? Ayubu anaona kwamba mtu aweza kumtetea Mungu kwa hoja mbovu, na kwamba Mungu hahitaji utetezi huo.

Katika sura ya 21 anafanya kile ambacho rafiki zake hawakukifanya: anatafuta mifano ya kinyume. Waovu wako, wanazeeka, nyumba zao zina amani, ng'ombe zao huzaa bila kuharibu mimba, watoto wao wanacheza. Na katika 21:29 anauliza kama hawajawahi kuwauliza wapita njia. Elifazi ameona ya kwao, Bildadi amesikia ya wazee wao. Msafiri ameona nchi nyingine. Hivyo ndivyo hoja ya uwezekano inavyopimwa, kwa kuuliza walioona kwingine.

Hata hivyo tusimfanye Ayubu kuwa hana la kurekebishwa. Katika 9:24, kwa uchungu, anasema dunia imetiwa mikononi mwa waovu. Waovu wachache wanaostawi wanatosha kuivunja kanuni kwamba kila mwovu huangamia papo hapo. Hawatoshi kujenga kanuni mpya kwamba uovu ndio unaotawala. Mungu anaposema kutoka katika upepo wa kisulisuli, katika sura ya 38, anamuuliza Ayubu naye alikuwa wapi misingi ya nchi ilipowekwa.

Maswali hayo ya Mungu wengine huyaona kama kumnyamazisha mtu tu. Nayasoma pia kama marekebisho ya hoja za wote. Katika 38:26 Mungu anataja mvua inayonyesha juu ya nchi isiyokaliwa na watu. Mvua hiyo ni mshahara wa nani, au adhabu ya nani? Rafiki walidhani kila kitu kinachotokea ni malipo ya mwanadamu fulani. Mungu anawaonyesha sehemu za uumbaji wasizozihesabu kamwe: nyika, mbuni, punda wa porini. Waliona mifano michache, wakaandika kanuni ya ulimwengu mzima.

Shuhuda zetu

Kosa hili halikuzikwa katika nchi ya Usi. Katika Injili ya Yohana 9 wanafunzi wanamwona kipofu tangu kuzaliwa, na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Katika Matendo 28 watu wa Malta wanaona nyoka amemng'ang'ania Paulo mkononi, wanasema huyu ni muuaji. Baada ya muda wanaona hajadhurika, wanasema huyu ni mungu. Mara mbili katika saa chache, na mara zote mbili wamekosea kwa namna ileile.

Sisi nasi tuna shuhuda. Ushuhuda ni jambo jema, na Kanisa lisilo na shuhuda limepoa. Lakini ushuhuda kwa asili yake ni mfano mmoja. Anayesimama mbele kushuhudia ni yule aliyepokea. Aliyeomba vilevile na asipokee ameketi kwenye benchi, na hatumsikii. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, wengi wao wakiwa wamevutwa na shuhuda za waliosema wamepona. Sina sababu ya kudhani kwamba waliotoa shuhuda hizo walidanganya. Lakini shuhuda za waliojisikia nafuu haziwezi kutwambia lolote kuhusu waliokunywa na kurudi kama walivyokwenda. Kuacha dawa za hospitali kwa ushahidi wa namna hiyo ni kuukabidhi uhai kwa hoja ambayo haikuhesabiwa upande wa pili.

Hatari huongezeka tunapoufanya ushuhuda kuwa sheria. Hoja huanza hivi: fulani aliomba kwa imani akapona, na fulani, na fulani, basi kila aombaye kwa imani hupona. Halafu inaendelea: dada huyu hajapona, basi hakuomba kwa imani. Hapa tuwe waangalifu, maana hatua hii ya pili si kama ile ya Elifazi. Kimantiki haina kasoro. Kama kweli kila aombaye kwa imani hupona, basi asiyepona hakuomba kwa imani. Ndiyo maana inawafunga watu midomo. Dada yule hawezi kuona pa kuikata. Kasoro iko mwanzoni, kwenye neno “kila”, ambalo shuhuda tatu au mia tatu haziwezi kulitoa.

Na Biblia yenyewe ina mifano ya kinyume. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe katika mwili wake, akapewa neema badala ya kuondolewa (2 Wakorintho 12:7-9). Alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto (2 Timotheo 4:20). Alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Atakayesema kwamba dada yetu hana imani na aseme pia kwamba Paulo hakuwa nayo.

Kila hoja na kazi yake

Mtu anaweza kuogopa kwamba tukisema ushuhuda hauthibitishi kila kitu, tunaidhoofisha imani. Paulo hakuogopa. Katika 1 Wakorintho 15 anatumia hoja za aina zote mbili, kila moja mahali pake. Katika aya ya 5 hadi ya 8 anataja mashahidi: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, Yakobo, mitume wote, na mwisho yeye mwenyewe. Anaongeza kwamba wengi wa wale ndugu bado wako hai. Maana yake msomaji angeweza kwenda kuuliza. Huo ni ushahidi wa kupimwa: mashahidi wengi, wa namna mbalimbali, wanaoweza kuhojiwa.

Kuanzia aya ya 12 anabadili aina. Kama hakuna ufufuo wa wafu, basi Kristo hakufufuka. Lakini Kristo amefufuka. Basi si kweli kwamba hakuna ufufuo wa wafu. Hii ni hoja ya lazima, nayo haina ufa. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliichukua hoja hiyohiyo kama mfano katika kitabu cha pili cha maandiko yake juu ya Mafundisho ya Kikristo, aliyoyaanza karibu mwaka 396. Alieleza kwamba kanuni ya jambo moja kufuata jingine haikubuniwa na wanadamu. Wao wameigundua tu. Akaonya pia kwamba mtu anaweza kutoa hoja iliyofungwa sawasawa juu ya msingi wa uongo. Tungekuwa tumelikumbuka onyo hilo, wagonjwa wengi wangepona angalau maumivu ya kushtakiwa.

Tazama jinsi Paulo anavyounganisha: ulazima wa hoja ya pili unategemea mashahidi wa hoja ya kwanza. Hakuwafanya mashahidi 500 kuwa sheria ya kwamba kila mtu atamwona Bwana kwa macho sasa hivi. Aliwatumia kwa jambo walilolishuhudia, basi.

Imani nayo haihitaji sheria ya namna ya Elifazi ili isimame. Vijana watatu katika Danieli 3:17-18 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Walijua uwezo wa Mungu, hawakujua atafanya nini asubuhi ile, nao hawakujifanya wanajua.

Basi tunapokwenda msibani, hospitalini, au kwa wanandoa wasiojaliwa mtoto, tuwe na siku saba za Elifazi bila hotuba zake tatu. Tukisikia moyoni neno “lazima kuna jambo”, tujiulize: nimeona, au nimekokotoa? Nimewauliza wapita njia? Na tukumbuke namna kitabu kinavyofunga habari ya rafiki hawa. Katika 42:8 wanaagizwa kuchukua ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, waende kwa Ayubu, ili yeye awaombee. Mtu yule ambaye hoja zao zilimtoa mbali na Mungu ndiye aliyewekwa kuwa mwombezi wao.